Nani Atakuwa Mtani Wenu?

Hotuba ya mwalimu mstaafu kutoka Dumila, Wilaya ya Kilosa, iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika hafla ya kumbukumbu ya hekalu letu

 

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya kuhama, kukaa, na kuwa mwenyeji. Nilipoisoma nilicheka kidogo, maana mtu wa Dumila anaishi njia panda. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma inapita katikati yetu. Nyingine inachepuka kushoto kwenda Rudewa hadi Kilosa. Na hapo jirani, Magole, ipo inayokwenda Turiani na kuelekea Handeni. Ukisimama kituoni dakika kumi utawakuta Wakaguru, Wasagara, Wanguu, Waluguru, Wagogo, Wamasai, Wasukuma na Wachaga, na Kiswahili kikiwaunganisha wote, hasa katika kubishania bei ya nyanya.

Pamoja na hayo, tunalo neno moja ambalo halijapata kutuondoka. Neno hilo ni mkuja. Mtu aweza kukaa kwetu miaka arobaini, akaoa, akajenga, akasomesha watoto wa wenzake. Siku ya ugomvi wa mpaka wa shamba ataambiwa, wewe ni mkuja tu. Si neno la mzaha. Wilaya ya Kilosa inaijua gharama yake. Mnamo Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni, mgogoro wa wakulima na wafugaji uliwaua watu 38. Kila upande ulikuwa na hoja zake za ardhi na maji, nami sikuja hapa kuzihukumu. Lakini chini ya hoja zote lilikuwamo swali la nani alitangulia kufika.

Swali hilo, ukilifuata hadi mwisho, halimwachi mtu yeyote amekaa kwenye kiti chake. Chukueni mji huu wenyewe. Kabla haujaitwa Morogoro palikuwa na ngome ya Kisabengo, Mzigua aliyekuja hapa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 na kuwakusanya humo watu waliotoroka utumwa. Ukajulikana kwa jina la Simbamwene, yule binti yake aliyemrithi. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone alikuta mji wenye kuta za mawe. Basi mji wetu ulianza kama kimbilio la watu wasiokuwa na kwao. Hata Waluguru, ambao ndio wenyeji wa milima hii, jina lao maana yake ni watu wa milimani tu. Halisemi wametoka wapi, na wazee wao wanakubali kwamba mababu walipanda huko wakitafuta usalama.

Mkonge nao ni mgeni. Uliletwa na Mjerumani aitwaye Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, naye Florida ilikuwa imeupata kutoka Mexico. Inasemekana miche iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo, nusu ya watu ninaowafahamu Kimamba na Rudewa walizaliwa mahali walipozaliwa, na mimi nikiwa mmoja wao. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kilosa mwaka 1909, na pamoja na reli wakaja wazee wenu na mabunda yao ya vitambaa. Wengine walikuwa wamekwisha kukaa pwani kwa vizazi kadhaa, wamekuja na majahazi ya kaskazi kutoka Kachchh na Kathiawar. Waliingia bara kwa treni, kituo baada ya kituo, wakafungua duka palipokuwa na mti wa kivuli.

Nilipokuwa darasani nilipenda kuwafanyia wanafunzi hila moja. Niliwaambia: leo tuwafukuze wageni wote katika Kiswahili. Tukaanza na yale yaliyotoka India. Tukaondoa pesa. Tukaondoa gari, gunia, bima na laki. Tukaondoa chapati na kachumbari, hapo wakaanza kunung'unika. Tukaondoa bangili, wasichana wakakataa kabisa. Mwisho mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, sasa tutaendaje gulioni, hatuna pesa, hatuna gunia, wala gari la kubebea?" Maneno hayo hayakupata kujaza fomu ya uraia. Yalitumika kila siku mpaka watu wakasahau kuyauliza yametoka wapi.

Lakini maneno si watu, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo.

Wazee wetu walikuwa na njia yao ya kumfanya mgeni awe mtu wa mahali, nayo ni utani. Vijana wa leo wanadhani utani ni vichekesho vya redioni, Msukuma kumcheka Mzaramo. Utani ulikuwa sheria. Msafara wa wapagazi wa Kinyamwezi ulishuka kutoka Unyanyembe na pembe za ndovu mabegani, ukapita Ugogo, ukapita Usagara, ukapita hapa, hadi Bagamoyo. Ni safari ya miezi. Mpagazi akifia njiani, katika nchi ambayo hana shangazi wala mjomba, azikwe na nani? Wataalamu wengi wanauhusisha utani wa Wanyamwezi na watu wa huku na misafara hiyo, kama utani mwingine unavyohusishwa na vita vilivyokwisha. Mtani ndiye mwenye haki ya kukutukana bila kukukosea, na ndiye mwenye wajibu wa kukuzika. Atachimba kaburi. Atafanya mzaha msibani mpaka mjane acheke huku analia. Atachukua kofia ya marehemu aivae, adai yeye ndiye aliyekufa na amerudi kudai chakula. Atashika kitu cha marehemu aseme hakitoki mpaka alipwe, na atalipwa. Mmarekani James Christensen aliandika makala nzima juu ya utani wa Waluguru mwaka 1963, na aliona wazi kwamba nyuma ya matusi hayo kuna wajibu mzito.

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi. Alikuja kukata mkonge Kimamba kama manamba, yaani mtu aliyeandikwa kwa namba, na namba hiyo aliikumbuka kuliko siku yake ya kuzaliwa. Alifariki nikiwa na umri wa miaka kumi na minne. Ndugu zake wote walikuwa Tabora, na hata simu ya maandishi ingewafikia, treni isingewaleta kwa wakati. Nakumbuka mama amekaa chini, sisi watoto tumemzunguka, na mimi najiuliza nani atashika jembe. Ndipo wakaja wanaume wanne, Waluguru wawili na Wazigua wawili. Sikuwa nawafahamu. Mmoja aliingia akipiga kelele: "Huyu Mnyamwezi mchoyo amekufa bila kunilipa tumbaku yangu! Haya, nyanyueni, tumfukie kabla hajabadili mawazo!" Nilimchukia kwa nukta moja. Halafu nikamwona mama ameinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu usiku ule, akatabasamu. Walichimba, wakazika, wakaondoka na panga la baba, ambalo mama alilikomboa kwa kuku. Tangu siku ile sikupata kujiona mkuja Kilosa, hata nilipoitwa hivyo.

Sasa niseme lililonileta hapa, ambalo sijapata kulisema mbele ya watu.

Nilipohamishiwa Dumila kufundisha, kulikuwa na duka la Mhindi mmoja mzee. Sote tulimwita Bhai, kama wateja wa nchi hii wanavyowaita Wahindi wote, bila kujali kama mtu ana jina. Duka lilikuwa na mlango mmoja, kaunta ya mbao iliyong'aa kwa viwiko vya watu, na daftari la mkopo lenye jalada jekundu. Katika daftari hilo aliandika kwa Kigujarati, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusoma deni la mwenziwe. Mishahara ya walimu ilipochelewa, na miaka ile ilichelewa, tuliishi kwa daftari hilo. Wakulima walichukua jembe na mbegu kabla ya mvua wakalipa baada ya mavuno. Alikuwa mkali, alikuwa na kipimo cha sukari ambacho wanawake walikilalamikia, na alipenda kutuuliza habari za watoto wetu kwa majina. Yeye alijua majina ya watoto wangu wote. Lake sikulijua.

Alifariki katikati ya miaka ya 1990. Asubuhi mlango haukufunguliwa. Ikaja gari kutoka Morogoro, wakaingia watu wachache wenye mavazi meupe, wakamtoa. Sisi tulisimama ng'ambo ya barabara chini ya mwembe. Tulikuwa wengi: walimu, wakulima, mama ntilie, makuli. Hakuna aliyevuka. Tuliambiana kwamba Wahindu huchoma maiti wao, na kwamba mtu wa nje haruhusiwi kusogea. Nani alitwambia? Hakuna. Tulijua tu, kama watu wanavyojua mambo ambayo hawajapata kuyauliza. Gari likaondoka. Tulirudi makazini, na kwa unafiki wetu tukawa tunasema, "Maskini Bhai, hata msiba wake wameufanya wa siri."

Miaka mingi baadaye mwanawe alinieleza upande wa pili. Alisema ndani ya duka walikuwa wanatuona kupitia ufa wa mlango, tumesimama kule. Walitungoja. Mama yake alikuwa amekwisha kutandika mkeka. Tulipokosa kuvuka, wakaambiana: miaka thelathini tumeishi nao, leo hata mmoja hakuja.

Barabara ile, ndugu zangu, haizidi hatua ishirini.

Baada ya siku kadhaa mwana huyo alirudi na chungu kidogo kilichofungwa kitambaa. Ninyi mnajua mila yenu, lakini nawaeleza majirani wenzangu: mwili ukisha kuchomwa, mabaki hupelekwa kwenye maji yanayotiririka. Wenye uwezo huyapeleka Ganga. Yeye aliyaleta kwenye Mto Mkundi, karibu na daraja letu, kwa sababu baba yake alikuwa ameagiza hivyo. Alikuja na jamaa wawili tu. Nilikuwa napita na baiskeli nikitoka shule, nikasimama mbali, tena nisijue la kufanya.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kikaguru aliyekuwa akiuza nyanya kando ya daraja. Yeye hakuuliza mtu kama anaruhusiwa. Aliacha ungo wake, akateremka mpaka ukingoni akiwa pekupeku, akasimama kiuno wazi mbele ya vijana wale wenye huzuni, akaliambia lile chungu kwa sauti kubwa: "Bhai! Unakimbia? Umeniandika kwenye lile daftari lako kilo mbili za sukari. Basi kwa taarifa yako, silipi! Nifuate huko majini unidai!"

Palikuwa kimya. Kisha yule kijana akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga, na akiwa hapo ndipo alipolia. Mama yule akamshika bega, wakamimina pamoja. Alipopanda kurudi kwenye nyanya zake alinikuta nimeduwaa, akaniuliza, "Mwalimu, mbona umesimama kama nguzo? Huyu mtu hakuwa na mtani. Mimi nimekuwa mtani wake." Siku hiyo nilimuuliza kijana jina la baba yake, akaniambia.

Nimekuwa nikiyawaza maneno ya mama yule kwa miaka. Huyu mtu hakuwa na mtani. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Utani uliwafikia wapagazi, uliwafikia manamba, uliwafikia hata watu waliopigana vita. Ulisimama kwenye kaunta ya duka. Sababu zipo, na nikizificha mbele yenu nitakuwa nimewavunjia heshima.

Upande wenu, kaunta ilikuwa juu mno. Mlitupimia, mlitukopesha, lakini tuliingia nyumbani mwenu kwa mlango wa nyuma, tena wachache wetu. Upande wetu, tulikuwa wepesi kusahau. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, wengi wa wazee wenu walipewa miaka miwili ya kuamua kama wajiandikishe kuwa raia. Waliojiandikisha tuliendelea kuwauliza kwao ni wapi. Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Utwaaji wa Majengo, nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Sheria haikutaja rangi ya mtu, na lengo lake la kuondoa unyonyaji mimi niliamini na bado naliheshimu. Lakini nilikuwa kijana, na nakumbuka furaha niliyoiona barabarani haikuwa yote ya Ujamaa. Baadhi yake ilikuwa ya kumwona jirani ameshuka. Mwaka uliofuata Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90, na hata huku kwetu, ambako hakuna aliyefukuzwa hivyo, mizigo mingi ilifungwa.

Tena ni Morogoro hii hii, si pengine, iliyomweka bungeni kwa miaka mingi Amir Jamal, mtoto wa wahamiaji wa Kihindi, aliyezaliwa Mwanza mwaka 1922. Hakuwa Mhindu, alikuwa Mwislamu wa Ismailia, lakini wapiga kura wa huku hawakuingia katika hesabu hizo. Alikuwa Waziri wa Fedha wa Mwalimu Nyerere. Alifariki mwaka 1995 nchini Kanada, mbali na jimbo lake. Kwa hiyo tulikuwa tayari kumpa mtu kura na tusiwe tayari kuvuka hatua ishirini kwenda msibani kwa mwingine. Sijui kama mnaona ajabu hiyo kama ninavyoiona mimi. Kura ni ya siku moja, na ni ya siri. Msibani unaonekana.

Leo asubuhi nikija huku nilipita Dakawa, na nilipofika mjini nikawaza Mazimbu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1992 wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliishi sehemu hizo, wakasoma, wakalima, wakazaa. Wengi walirudi kwao. Wengine wamo Mazimbu, makaburini, na makaburi hayo yanatunzwa. Hakuna mtu wa Morogoro anayewaita wakuja. Wafu hao wameupata uwenyeji ambao walio hai tunanyimana.

Januari 2014 Mto Mkundi ulitutembelea. Wengi wenu mnakumbuka: maji yalifurika Dumila na Magole, barabara kuu ikakatika darajani, mabasi yakakwama huku na huku, maelfu wakahamia kwenye mahema. Nilikuwa mmoja wa waliokusanya majina ya familia zilizopoteza nyumba. Katika karatasi ya kwanza niliyopewa, mtu fulani alikuwa amechora safu ya kuandika nani mwenyeji na nani mkuja. Watu walikuwa wametapakaa tope sawasawa, hata mbuzi wao hungewatambua. Nilikunja karatasi ile nikachora nyingine. Nilikumbuka ya kwamba mto uliotuzoa ndio uliompokea Bhai. Mkundi unaingia Wami, nao Wami unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, upande wa Saadani, mahali majahazi ya kaskazi yalipokuwa yakipita. Mzee yule alijua jiografia kuliko mwalimu wa jiografia. Alichagua Dumila, na Dumila ikampeleka mpaka kwenye maji ya babu zake.

Ombi langu kwa hekalu hili linalosherehekea leo ni dogo. Siku mkifiwa, fungueni mlango wa mbele na mtume mtu avuke barabara kutuita, kwa sababu sisi ni watu wa kungoja kuitwa. Nasi majirani tusingoje. Kengele yenu tunaisikia kila jioni, kama ninyi mnavyoisikia adhana na kengele ya kanisa. Hakuna anayeweza kusema hakujua kwamba kuna watu hapa.

Na nina ombi la nafsi yangu. Wanangu wako Dar es Salaam. Wamekwisha kunieleza, kwa upole, kwamba siku yangu ikifika watakodi gari wanipeleke Tabora, kwetu. Tabora nimefika mara tatu katika maisha yangu. Nimewaambia nitazikwa Dumila, upande wa juu, maji yasikofika. Tatizo ni kwamba wale wanaume wanne waliomzika baba yangu wote wamekwisha kutangulia, na vijana wao hawajui tena kazi ya utani.

Kwa hiyo jana nilimpigia simu mwana wa Bhai. Yupo hapa, ameketi safu ya tatu, sasa naye ana mvi. Nilimuuliza kama atakubali kuwa mtani wangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atakuja, atachimba kwa mikono yake, ila ataondoka na baiskeli yangu, na wanangu waikomboe kwa bei atakayoitaja yeye, kwa kuwa deni la baba yake kwangu bado limo katika lile daftari jekundu.

Ndugu yangu, nakujibu mbele ya mashahidi wote hawa: baiskeli ni yako, lakini gurudumu la nyuma lina pancha.